Safu ya Mwisho: Alama katika Historia ya Uhakiki wa Michezo ya Video na Swala la Haki

Utangulizi

Uhakiki wa michezo ya video ni tawi changa la uhakiki wa sanaa. Miongoni mwa makala zake za kudumu za mwanzo ni zile ambazo Bill Kunkel na Arnie Katz walianza kuziandika mwaka 1979 katika jarida la Video nchini Marekani. Tawi hili basi halijatimiza nusu karne. Licha ya uchanga huo, ndilo tawi ambalo ndani yake hukumu ya mhakiki imefungamanishwa na nambari kwa kiasi kisichoonekana katika uhakiki wa riwaya, wa tamthilia wala wa ushairi. Msomaji wa uhakiki wa riwaya hutarajia hoja. Msomaji wa uhakiki wa mchezo wa video hutarajia hoja na alama, na mara nyingi huitazama alama kwanza.

Kutokana na hali hii pamezuka mjadala mrefu kuhusu haki ya alama hizo. Wachezaji hudai kwamba wahakiki hupendelea kampuni zinazolipia matangazo. Watengenezaji hudai kwamba wahakiki hawaichezi kazi kwa muda wa kutosha kabla ya kuihukumu. Wahakiki nao hulalamika kwamba maneno yao elfu moja humezwa na tarakimu mbili. Kila upande una ushahidi wake, na baadhi ya ushahidi huo utachunguzwa hapa.

Makala haya yanadai kwamba mjadala huo, kwa jinsi unavyoendeshwa aghalabu, umeikosa shabaha. Haki ya alama haitegemei unyofu wa mhakiki pekee. Inategemea pia kazi ambayo alama imetwishwa. Alama ilizaliwa kama ufupisho wa hoja, ikitolewa na sauti inayojulikana kwa wasomaji walioizoea. Katika muda wa miongo miwili hivi ikageuzwa kuwa kipimo kinachoamua ujira wa watu, mikononi mwa wakubwa wasiolazimika kuisoma hoja yenyewe. Ili kulithibitisha dai hili, yafaa kuifuata historia ya alama hatua kwa hatua.

Mizani kabla ya michezo

Ikumbukwe kwamba wazo la kuipimia sanaa kwa nambari halikuanza na kompyuta. Mwaka 1708, Mfaransa Roger de Piles alichapisha kitabu juu ya misingi ya uchoraji, na mwishoni akatia jedwali aliloliita mizani ya wachoraji. Aliwapima wachoraji zaidi ya hamsini kwa vigezo vinne: mpangilio, mchoro wa umbo, rangi, na udhihirishaji wa hisia. Kila kigezo kilikuwa na ngazi ishirini, lakini de Piles aliziweka kando ngazi mbili za juu kwa ajili ya ukamilifu usiofikiwa na binadamu. Hakuna mchoraji aliyepewa zaidi ya 18 katika kigezo chochote. Raphael alipata 18 katika mchoro wa umbo na 12 katika rangi. Rembrandt alipata 17 katika rangi na 6 tu katika mchoro wa umbo. Caravaggio aliambulia sufuri katika udhihirishaji wa hisia, hukumu ambayo wapenzi wa sanaa wa leo wataiona kuwa ya ajabu.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni lile ambalo jedwali hilo halikuwa nalo. Lilikuwa na safu nne za vigezo, na safu ya tano, ya jumla, haikuwamo. Waliojumlisha ni watu wa baadaye, nao wakapata kwamba Raphael na Rubens wanalingana kwa alama 65 kila mmoja. De Piles mwenyewe aliacha tofauti zibaki tofauti: huyu ni bingwa wa rangi, yule ni bingwa wa umbo, na mtazamaji ajichagulie anachokithamini.

Mwaka 1746, Mwingereza Mark Akenside aliuhamishia utaratibu huo katika ushairi, akawapima Homer, Shakespeare na wengineo. Yeye aliongeza safu ya mwisho iliyotoa kadirio la jumla kwa kila mshairi. Kwa kufanya hivyo, alivuka mpaka ambao mtangulizi wake hakuuvuka. Safu za awali zinamwambia msomaji mshairi huyu ana nini na amepungukiwa na nini. Safu ya mwisho inamwambia nani amemshinda nani. Ni safu hii ya mwisho ambayo michezo ya video imeirithi, na ndiyo kiini cha mgogoro wote.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatalishangaa neno mizani katika muktadha huu. Katika arudhi ya Kiswahili, mizani ni hesabu ya silabi katika mshororo, na K. Amri Abedi aliiwekea kanuni zilizochapishwa mwaka 1954. Mgogoro uliopamba moto baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974 ulihusu, kwa sehemu kubwa, iwapo kinachohesabika ndicho kinachoufanya utungo kuwa shairi. Pande zote mbili za mgogoro ule, hata hivyo, zilikubaliana juu ya jambo moja: mizani ya silabi inaweza kuhakikishwa na yeyote ajuaye kuhesabu. Mistari kumi na sita ni kumi na sita kwa mhafidhina na kwa mwanamapinduzi. Alama ya mhakiki haiko hivyo. Ina sura ya hesabu, lakini hakuna kilichohesabiwa. Ni rai iliyovikwa tarakimu.

Majarida na sauti zake

Nchini Uingereza, jarida la Computer and Video Games lilianza mwezi Novemba 1981. Mwaka 1984, katika mji mdogo wa Ludlow, likazaliwa jarida la Crash lililowahudumia wenye kompyuta ya ZX Spectrum. Crash liliwatumia vijana wa shule za hapo mjini kuwa wahakiki. Kila mchezo ulitolewa maoni na zaidi ya mtu mmoja, kisha ukapewa asilimia katika vigezo kadhaa, vikiwemo picha, urahisi wa kuchezeka na thamani ya pesa, pamoja na asilimia ya jumla. Jarida dada, Zzap!64, lililoanza mwaka 1985, lilivitenganisha vigezo viwili ambavyo mhakiki wa fasihi angevionea wivu: nguvu ya kazi ya kumnasa mchezaji mwanzoni, na nguvu yake ya kumshikilia baada ya siku nyingi.

Alama katika mazingira hayo zilikuwa na maana ya wazi. Kaseti moja iligharimu pesa ambazo kijana alizidunduiza kwa majuma kadhaa, na hakuwa na njia rahisi ya kuujaribu mchezo kabla ya kuununua. Mhakiki alikuwa rika lake. Baada ya miezi michache msomaji alikwisha kujua kwamba fulani anapenda mafumbo na fulani anapenda kasi, akaipunguza au kuiongeza alama moyoni mwake kulingana na mtoaji wake. Alama ilikuwa sehemu ya mazungumzo kati ya watu waliofahamiana.

Wajapani walilishughulikia swala la ubinafsi wa mhakiki kwa njia nyingine. Jarida lililokuja kujulikana kwa jina la Famitsu, lililoanzishwa mwaka 1986, liliweka utaratibu wa wahakiki wanne, kila mmoja akitoa alama kati ya kumi, na alama zote nne zikachapishwa pamoja. Jumla ya juu kabisa ni 40. Kwa miaka kumi na miwili hakuna mchezo ulioifikia, hadi The Legend of Zelda: Ocarina of Time ulipoipata mwaka 1998. Tangu hapo michezo zaidi ya ishirini imepewa alama hiyo kamili. Yamkini ufundi umekua. Lakini yamkini pia alama imeshuka thamani kama ishukavyo sarafu inayochapishwa kupita kiasi. Hata hivyo utaratibu wa Famitsu una fadhila moja: unauonyesha mfarakano badala ya kuuficha. Mchezo uliopata 9, 9, 5 na 5 na mchezo uliopata 7, 7, 7 na 7 wana jumla ileile ya 28, lakini msomaji anayeziona alama zote nne hatadanganyika kwamba ni kazi za aina moja.

Swala la kushuka kwa thamani ya alama liliwashughulisha wahakiki wenyewe mapema. Jarida la Amiga Power, lililochapishwa Uingereza kati ya mwaka 1991 na 1996, lilishikilia kwamba asilimia 50 iwe ndiyo kazi ya wastani, na kwamba kipimo chote kitumiwe, kuanzia chini kabisa. Lilikuwa likiwapinga waliozoea kuanzia hesabu katika sitini au sabini na kuliacha nusu ya kipimo bila kazi. Msimamo huo uliwaudhi wachapishaji wa michezo, kwa kuwa asilimia 50 ya Amiga Power ilionekana kama aibu ikilinganishwa na 75 ya jarida jingine, ingawa huenda mahakiki yote mawili yalisema jambo lilelile.

Mfano wa jarida la Edge, lililoanza mwaka 1993, unaonyesha hatima tofauti za alama na hoja. Mwaka 1994 Edge liliupa mchezo wa Doom alama 7 kati ya 10. Mchezo huo baadaye ulihesabiwa miongoni mwa kazi zilizoubadilisha mkondo mzima wa sanaa hii, na ile 7 imetumiwa mara nyingi kama ushahidi wa upofu wa wahakiki. Lakini ndani ya uhakiki ule mlikuwa na wazo kwamba ingependeza kama mchezaji angeweza kuzungumza na viumbe wale badala ya kuwapiga risasi tu. Wazo hilo lilichekwa kwa miaka mingi. Hata hivyo michezo ya baadaye ambayo ndani yake adui aweza kusemezwa, kubembelezwa au kusamehewa imelipa uzito ambao halikupewa mwanzoni. Alama ya 7 haina la kumfundisha mtu leo. Hoja iliyoandamana nayo ingali yajadiliwa.

Vipimo vingi, wastani mmoja

Mgeuko mkubwa ulitokea pale mahakiki yalipohamia katika mtandao na kuanza kukusanywa. Tovuti ya GameRankings ilianza mwaka 1999 na kufungwa mwaka 2019. Metacritic ilianzishwa Marekani mwaka 2001 na Marc Doyle, Julie Doyle Roberts na Jason Dietz. Kazi yake ni kuchukua alama za wahakiki wengi, kuzigeuza zote ziwe katika kipimo cha mia moja, na kutoa wastani. Panapokuwa na mahakiki yasiyopungua manne, mchezo hupata nambari yake.

Utaratibu huu una manufaa ambayo si haki kuyapuuza. Mnunuzi halazimiki tena kumtegemea mhakiki mmoja ambaye huenda ana chuki au amehongwa. Maoni ya wengi hufidia kasoro ya mmoja. Kwa mtu anayekusudia kutumia pesa nyingi kwa mchezo mmoja, huo ni ulinzi halali.

Hata hivyo wastani huu umejengwa juu ya dhana kwamba vipimo vyote ni kipimo kimoja. Nyota nne kati ya tano hugeuzwa kuwa 80. Herufi A huwa 100, na herufi F huwa sufuri, ingawa katika shule za Marekani zilikotoka herufi hizo F haimaanishi kwamba mwanafunzi hakupata kitu. Fauka ya hayo, baadhi ya majarida hupewa uzito mkubwa kuliko mengine, na uzito huo hautangazwi. Nambari inayotokea basi ni wastani wa tafsiri za vipimo visivyolingana, uliopimwa kwa mizani iliyofichwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo ndani ya tovuti yenyewe. Metacritic huzipanga alama kwa rangi. Filamu yenye alama 61 kwenda juu hupewa rangi ya kijani na kuhesabiwa kuwa imepokewa vizuri. Mchezo wa video hauipati rangi hiyo hadi ufikie 75. Kwa hivyo filamu ya alama 70 imefaulu, na mchezo wa alama 70 umepokewa kwa maoni mseto. Tovuti hii inakiri kwa vitendo kwamba wahakiki wa michezo na wahakiki wa filamu hawasemi lugha moja ya nambari. Ikiwa ni hivyo kati ya sanaa mbili, ni kwa msingi gani inashikiliwa kwamba majarida mengi ya sanaa moja, yaliyoko katika nchi mbalimbali, yanasema lugha moja?

Wahadhiri wa Kenya wana sababu ya kulielewa hili upesi. Katika vyuo vikuu vingi vya nchini, 70 ndiyo mwanzo wa A, na mwenye 40 amepita. Mwanafunzi aliyezoea shule za Marekani ataiona 70 kuwa alama ya mtu aliyeponea chupuchupu. Nambari ni ileile; taasisi inayoizunguka ndiyo huipa maana. Ukiiondoa nambari katika taasisi yake na kuichanganya na nyingine, maana huachwa nyuma.

Alama na ujira

Lau wastani huo ungebaki kuwa mwongozo wa mnunuzi, kasoro zake zingevumilika. Lakini kampuni ziliona ndani yake kitu walichokuwa wakikihitaji: kipimo cha ubora kinachotoka nje, kisichohitaji kusomwa, na kinachoweza kuandikwa katika mkataba. Mwaka 2004 kampuni ya Warner Bros. ilitangaza nia ya kuwatoza mrabaha mkubwa zaidi wenye leseni ambao michezo yao, iliyotokana na filamu zake, ingepata wastani wa chini ya 70. Lengo lilikuwa la kueleweka, maadamu michezo mingi ya aina hiyo ilitengenezwa kwa haraka ili kuvuna jina la filamu. Njia iliyotumiwa, hata hivyo, iliwageuza wahakiki kuwa watoza ushuru bila wao kuulizwa.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa mchezo wa Fallout: New Vegas, uliotengenezwa na kampuni ya Obsidian na kuchapishwa na Bethesda mwaka 2010. Mwezi Machi 2012, Chris Avellone wa Obsidian alieleza hadharani kwamba mkataba wao uliahidi malipo ya ziada iwapo mchezo ungefikisha wastani wa 85 katika Metacritic. Ulipata 84.

Uzito wa nukta hiyo moja waonekana vyema kwa hesabu ndogo. Tuseme mchezo una mahakiki themanini yenye uzito sawa. Mhakiki mmoja akitoa 60 badala ya 80, wastani hupungua kwa robo ya nukta. Wahakiki wanne wakifanya hivyo, nukta nzima imekwenda. Wanne hao huenda walikuwa na sababu njema: pengine mmoja aliudhika na hitilafu za programu, na mwingine hakuipenda hadithi. Kila mmoja alikuwa akizungumza na wasomaji wake. Hakuna aliyekuwa akiketi katika kamati ya kuamua malipo ya watu asiowajua. Lakini kamati hiyo iliundwa kutokana na maneno yao, na hukumu yake haikuwa na rufani.

Ndipo linapojitokeza swali la haki katika sura yake kamili. Alama ya kila mhakiki huenda ilikuwa ya haki. Wastani huenda ulikokotolewa bila kosa. Matokeo yakawa dhuluma, kwa sababu nambari ilitumiwa kujibu swali ambalo hakuna mhakiki aliyeulizwa: je, wafanyakazi hawa wanastahili malipo?

Mashinikizo mawili

Palipo na pesa, shinikizo haliko mbali. Mwezi Novemba 2007, Jeff Gerstmann, mhariri wa tovuti ya GameSpot, alifutwa kazi muda mfupi baada ya kuupa mchezo wa Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kati ya 10. Wakati huohuo matangazo ya mchezo huo yalikuwa yametapakaa katika tovuti hiyohiyo. Kwa miaka zaidi ya minne hakuruhusiwa kueleza kilichotokea. Mwaka 2012, masharti hayo yalipoondolewa, alieleza kwamba wasimamizi wapya wasio na uzoefu walishindwa kuhimili shinikizo la watangazaji waliochukizwa na alama. Kisa hiki kiliwapa wachezaji sababu halisi ya kuwa na shaka.

Pamoja na hayo, shinikizo la pili, lile la wasomaji wenyewe, halikuwa dogo. Mwaka 2013, Carolyn Petit wa GameSpot aliupa mchezo wa Grand Theft Auto V alama 9 kati ya 10. Katika uhakiki wake alieleza pia kwamba mchezo huo unawasawiri wanawake kwa dharau. Maelfu ya watu walitia saini ombi la kutaka afutwe kazi. Yafaa msomaji aizingatie nambari hiyo: ni 9. Mhakiki aliyeisifu kazi kwa kiasi hicho alishambuliwa kwa kutoa sababu ya kutoifikisha kumi. Mwaka 2017, Jim Sterling aliupa mchezo wa The Legend of Zelda: Breath of the Wild alama 7, na tovuti yake ikashambuliwa hadi ikazimika. Kosa lililohesabiwa ni kwamba wastani ulikuwa umeteremka kwa nukta moja, kutoka 98 hadi 97.

Mwaka 2014 lugha ya haki na maadili ilitumiwa kama silaha. Katika vurugu zilizokuja kuitwa Gamergate, mbunifu mmoja huru wa Marekani alituhumiwa kwamba alipata uhakiki mzuri kwa kujuana na mwandishi, ilhali mwandishi huyo hakuwahi kuuhakiki mchezo wake. Tuhuma ilikuwa tupu. Matusi na vitisho vilivyofuata vilikuwa vya kweli. Aidha, mchezo wa The Last of Us Part II ulipotoka mwezi Juni 2020, alama za wasomaji katika Metacritic zilimiminwa kwa maelfu mnamo saa chache, muda usiotosha kuumaliza mchezo huo. Mwezi uliofuata tovuti hiyo iliweka kanuni kwamba alama za wasomaji zisipokewe hadi saa 36 zipite.

Mashinikizo haya mawili yanatoka pande zinazopingana, lakini yana mzizi mmoja. Mtangazaji na mchezaji mwenye hasira wote wawili wanaipigania safu ya mwisho. Hakuna anayejishughulisha kumjibu mhakiki hoja kwa hoja, kwa kuwa hoja haiingii katika wastani.

Kazi inayobadilika

Liko tatizo jingine lisilomsumbua mhakiki wa riwaya. Riwaya ikishachapishwa hubaki ilivyo hadi toleo jingine. Mchezo wa video wa leo hurekebishwa kupitia mtandao baada ya kuuzwa, wakati mwingine kwa miaka. No Man's Sky, uliotoka mwaka 2016 na kuwaudhi wengi kwa kupungukiwa na yaliyotarajiwa, uliongezewa mambo mengi bila malipo hadi ukawa kazi nyingine kabisa. Metacritic, kwa upande wake, huhesabu alama ya kwanza tu ya kila jarida. Mhakiki akiirudia kazi na kubadili rai, wastani haubadiliki. Sababu ya kanuni hiyo ni njema, kwani huwazuia wachapishaji kuwashinikiza wahakiki waipandishe alama. Lakini athari yake ni kwamba nambari huendelea kukihukumu kitu ambacho hakipo tena.

Hata siku ya kutoka, mchezo mmoja waweza kuwa michezo kadhaa. Kabla ya Cyberpunk 2077 kutolewa tarehe 10 Desemba 2020, wahakiki walipewa nakala ya kompyuta pekee, na hawakuruhusiwa kuonyesha picha za video walizozirekodi wenyewe. Wastani wa toleo hilo ulikuwa juu, katika themanini na kitu. Wanunuzi waliokuwa na mashine za zamani za PlayStation 4 na Xbox One walikuta kazi iliyojaa hitilafu, na wastani wa matoleo hayo ulipopatikana baadaye ulikuwa chini mno. Tarehe 17 Desemba, Sony iliuondoa mchezo huo katika duka lake, na haikuurudisha hadi mwezi Juni 2021. Hapa mhakiki hakuhongwa wala hakuwa mvivu. Alihukumu alichopewa, kosa lilikuwa la aliyeamua apewe nini.

Kutokana na matatizo haya, baadhi ya wachapishaji wa mahakiki waliamua kuziacha alama. Mwezi Februari 2015 tovuti ya Uingereza ya Eurogamer iliondoa kipimo chake cha kumi na badala yake ikatumia mapendekezo machache ya maneno. Polygon ilifuata mwaka 2018. Lakini mwaka 2023 Eurogamer ilirudisha alama, safari hii kwa nyota tano. Kurudi huko kunafundisha kwamba hamu ya msomaji ya kujua hukumu kwa mtupo mmoja wa jicho haimaliziki kwa kukemewa. Anayesoma ili anunue ana haki ya kuambiwa kwa ufupi.

Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inatosha kutenganisha mambo matatu ambayo mjadala wa kawaida huyachanganya. La kwanza ni alama ya mhakiki ajulikanaye, iliyoambatana na hoja yake. Alama hiyo yaweza kuwa ya haki au isiwe, na njia ya kuipima ni kuisoma hoja na kuona kama inaitegemeza. La pili ni wastani. Huu hauwezi kuwa wa haki wala wa dhuluma kwa maana ileile, kwa sababu hauna hoja ya kuhojiwa. Ni taarifa ya jinsi kazi ilivyopokewa, na ipokewe hivyo. La tatu ni matumizi ya wastani kuamua mapato ya watengenezaji. Hapa ndipo dhuluma ilipo, na mhakiki hapaswi kubebeshwa lawama yake, ingawa anapaswa kuipinga.

Yako mambo ambayo jarida laweza kuyafanya bila kuziacha alama: kueleza kipimo chake na maana ya kila ngazi, kutaja toleo lililochezwa na muda uliotumika, kuchapisha alama za wahakiki wanaotofautiana kama wafanyavyo Famitsu, na kurudia uhakiki kazi inapobadilika. Hakuna hata moja kati ya haya ambalo wastani waweza kulifanya.

Kwa mhakiki wa fasihi, swala hili si la wengine. Kila muhula wahadhiri hutia alama katika insha za wanafunzi, na nambari hizo huamua nani ataendelea na nani atarudi nyumbani. Insha iliyorudishwa na 58 na maelezo pembezoni humpa mwanafunzi kitu cha kujibu. Iliyorudishwa na 58 pekee imempa safu ya mwisho tu, na hata kama nambari hiyo ni sahihi, mwanafunzi hana njia ya kulijua hilo.